Chemsheni Maji: Historia ya Agizo Lisilo na Tarehe ya Mwisho

Asubuhi moja ya majira ya baridi, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika mji mmoja wa Amerika Kaskazini, nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jengo tulimopanga. Ilieleza kwamba bomba kuu limepasuka, kwamba maji ya mji huenda yameingiwa na vimelea, na kwamba kila mkazi ayachemshe yatokote kwa dakika moja nzima kabla ya kuyanywa, kupigia mswaki au kuoshea mboga. Kufikia saa nne, maji ya chupa yalikuwa yamekwisha katika duka la jirani. Mwenzangu niliyepanga naye, mzaliwa wa huko, alinijia uso umemsawijika, akaniuliza tutafanyaje. Nilicheka. Nikamwonyesha sufuria iliyokuwa jikoni. Nilikuwa nikichemsha maji ya kunywa kila siku tangu nilipowasili, kwa mazoea niliyotoka nayo kwa mama yangu, Temeke.

Siku ya tatu tangazo liliondolewa. Mwenzangu alifungua bomba, akajaza glasi, akanywa palepale akiwa amesimama. Mimi niliendelea kuchemsha, na moyoni nilijiona mtu imara kuliko yeye. Kwa miaka mingi kisa hicho nilikisimulia darasani kama kichekesho kuhusu watu wa nchi tajiri wanaobabaishwa na jambo dogo. Hadi siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili aliponyanyua mkono na kuniuliza: "Mwalimu, kwetu tangazo hilo lilitolewa lini, na litaondolewa lini?" Darasa lilicheka. Mimi sikuwa na jibu, na makala hii ni jaribio la kulitafuta.

Hoja yangu ni kwamba agizo la kuchemsha maji ni mkopo. Kuwapa raia maji salama ni wajibu wa mamlaka za umma. Zinaposhindwa, hata kwa sababu ya haki kabisa, wajibu huo huhamishiwa jikoni: kwa mwenye sufuria, mwenye mkaa na mwenye muda wa kusubiri maji yapoe. Mkopo si jambo baya kwa asili yake. Lakini mkopo wa halali huwa na mkopaji anayejulikana, kiasi kinachojulikana na tarehe ya kulipwa. Historia ya miji iliyowahi kutoa agizo hili inaonyesha kwamba kilichoitofautisha miji hiyo ni kama deni lililipwa au halikulipwa.

Tuanzie Hamburg, bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, ambayo jina lake si geni katika historia ya pwani yetu. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao za biashara Unguja tangu katikati ya karne ya 19, na ni Hamburg ilikoanzishwa, mwaka 1890, kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie iliyoiunganisha Ujerumani na Tanga, Dar es Salaam na bandari nyingine za pwani hii. Mji huo uliojitwalia kazi ya kutustaarabisha ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Maji yalichotwa juu ya mji, majitaka yakamwagwa chini, na bahari ilipojaa, mawimbi yaliyarudisha majitaka hayo hadi kwenye mdomo wa bomba.

Mwezi Agosti 1892 kipindupindu kiliingia. Mji ulitawaliwa na Seneti ya mabwana wa biashara, na mabwana hao waliogopa kwamba wakitangaza ugonjwa, meli zao zitawekewa karantini katika bandari za dunia. Siku za mwanzo zilipotea kwa kusitasita. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa amekitambua kimelea cha kipindupindu miaka michache kabla yake. Huyu ndiye Koch ambaye baadaye, mwaka 1897 na 1898, alifanya utafiti wa malaria hapa Dar es Salaam. Ugonjwa ulipokwisha, watu wapatao 8,600 walikuwa wamekufa.

Jirani ya Hamburg, chini kidogo ya mto huohuo, ulikuwapo mji wa Altona. Altona ilichota maji ya Elbe yaliyokwisha kupokea uchafu wa Hamburg, yaani maji mabaya zaidi. Lakini Altona iliyachuja maji hayo kwa mchanga kabla ya kuyasambaza. Mpaka wa miji hii miwili ulipita katikati ya mitaa ya kawaida, na katika baadhi ya mitaa hiyo ugonjwa uliua upande wa Hamburg na kuuacha upande wa Altona. Lilikuwapo hata kundi la nyumba lililokuwa ndani ya Hamburg lakini likipata maji kutoka Altona, nalo lilisalimika. Wakazi wa pande mbili za barabara hawakutofautiana kwa mila, dini wala usafi wa mikono. Walitofautiana kwa chujio la mchanga, na chujio hujengwa kwa kodi na kwa uamuzi wa serikali.

Agizo la kuchemsha maji lilitolewa Hamburg. Mabwana wa Seneti walilazimika hata kuomba msaada wa chama cha Wasoshalisti, mahasimu wao wakubwa, ili vipeperushi viwafikie wafanyakazi katika vichochoro vya mji. Mikokoteni ilipita mitaani ikigawa maji yaliyochemshwa. Lakini ni nani aliyeweza kulitii agizo hilo kikamilifu? Tajiri alikuwa na mtumishi wa kuchemsha, makaa ya kuchemshia na vyombo vya kuhifadhia. Familia ya kibarua wa bandarini ilikuwa na chumba kimoja na moto wa kupikia mlo mmoja. Haishangazi kwamba vifo vilipungua kadiri kipato kilivyopanda. Agizo lilitolewa kwa maneno yaleyale kwa wote, ila gharama yake haikuwa sawa kwa wote.

Hata hivyo, deni la Hamburg lililipwa. Mitambo ya kuchuja maji, ambayo watawala walikuwa wameijadili na kuiahirisha kwa miaka, ilianza kazi mwezi Mei 1893, hata mwaka haujatimia tangu msiba.

Karne moja baadaye, agizo hilo lilitolewa katika mji wa Milwaukee, nchini Marekani, kando ya ziwa Michigan. Mwanzoni mwa Aprili 1993 maji ya bomba yalianza kutoka yakiwa na ukungu. Maduka ya dawa yaliishiwa na dawa za kuzuia kuhara. Wafanyakazi hawakufika kazini, wanafunzi hawakufika shuleni. Tarehe 7 Aprili usiku, Meya John Norquist aliwatangazia wakazi wachemshe maji. Mhalifu aligunduliwa kuwa kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho gamba lake hulidharau klorini. Kilikuwa kimepenya katika mtambo mmoja wa kusafisha maji ambao kichujio chake hakikufanya kazi ipasavyo. Utafiti uliofuata ulikadiria kwamba watu 403,000 waliugua. Waliofariki walizidi 50, wengi wao wakiwa ni watu wenye UKIMWI, ambao miili yao haikuwa na kinga ya kupambana na kimelea hicho.

Jambo la kuzingatiwa na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni kwamba maji ya Milwaukee yalikuwa yametimiza viwango vya kisheria vya wakati huo. Fomu zilijazwa, vipimo vilichukuliwa, na watu wakaugua. Kiwango kilichoandikwa hakikutosha, kwa hiyo kiwango kikabadilishwa. Agizo liliondolewa baada ya wiki moja. Uchunguzi ulifanyika hadharani. Mji ulifunga mitambo ya kutibu maji kwa ozoni, ambayo hukiua kimelea kile, na kulisogeza mbali zaidi ziwani bomba la kuchotea maji. Wachumi nao walipiga hesabu ya hasara: zaidi ya Dola milioni 96 za Marekani, na sehemu kubwa zaidi ya hasara hiyo haikuwa matibabu bali siku za kazi zilizopotea. Nafikiri hesabu hiyo ni muhimu kama ozoni yenyewe. Ilizitambua saa za mama aliyebaki nyumbani kumuuguza mwanawe kuwa ni gharama ya maji machafu, ikaziandika.

Mtu asinisome hapa akadhani kwamba nchi tajiri hulipa na nchi maskini hukopa milele. Kaskazini mwa jimbo la Ontario, nchini Kanada, ipo jamii ndogo ya wenyeji wa asili iitwayo Neskantaga. Agizo la kuchemsha maji lilitolewa kwao mwezi Februari 1995, na lilipotimiza miaka 30, Februari 2025, lilikuwa bado halijaondolewa. Wapo watu wazima huko, wenye watoto wao wenyewe, ambao hawajawahi kunywa maji ya bomba la kwao bila hofu. Jamii nyingine, Shoal Lake 40, huishi kando ya ziwa ambalo tangu mwaka 1919 hupeleka maji safi kwa mfereji mrefu hadi mji mkubwa wa Winnipeg. Jamii hiyo ilichemsha maji kuanzia 1997 hadi 2021. Ziwa lao liliunywesha mji wa watu laki kadhaa, nao wakanunua maji ya chupa. Mwaka 2015 Waziri Mkuu Justin Trudeau aliahidi kuyafuta maagizo yote ya muda mrefu ya aina hii katika jamii za wenyeji ifikapo Machi 2021. Mengi yalifutwa, lakini tarehe ilipita na mengine yakabaki.

Kwa hiyo utajiri wa nchi pekee hauelezi jambo hili. Kanada ina fedha na mafundi. Kilichotofautisha Milwaukee na Neskantaga ni nani aliyeumizwa na sauti yake ilisikika kwa umbali gani. Wenye sauti huchemsha kwa wiki moja, na wasio nayo huchemsha kwa kizazi kizima.

Sasa turudi nyumbani na swali la mwanafunzi wangu. Kwetu agizo hili lilitolewa lini? Sijapata waraka wenye muhuri na tarehe, na nadhani hilo lenyewe ni sehemu ya jibu. Lakini naweza kueleza lilivyokua. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Ilikuwa moja ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima barani Afrika, na sina nia ya kuibeza. Nataka tukumbuke tu kwamba wito huo haukuja peke yake. Miaka miwili kabla, mwaka 1971, Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Raia aliambiwa afanye sehemu yake, na Serikali ikataja sehemu yake yenyewe pamoja na mwaka wa kuikamilisha. Mkopo ulikuwa na tarehe.

Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka huohuo ililisogeza hadi 2002. Mwaka 2002 ulipofika ilitolewa sera mpya, ambayo ilitia mkazo zaidi katika wananchi kuchangia gharama na kuimiliki miradi yao. Sababu za kushindwa zilikuwa za kweli: bei ya mafuta, vita vya Kagera, madeni ya nje, masharti ya wakopeshaji, pampu zilizoharibika bila vipuri. Lakini angalia kilichotokea katika lugha. Wito wa kuchemsha ulibaki, na ahadi iliyofungamana nao ikafifia. Tulisahau kwamba tulikuwa tunadai.

Mijini nako historia ilienda sambamba. Dar es Salaam iliyogawanywa na wakoloni kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ilirithi mtandao wa mabomba uliofuata mgawanyo huo. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini ukafuata katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wa Dar es Salaam wapatao 273,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mitambo imepanuliwa na mabomba mapya yamelazwa, na ni haki kulisema hilo. Lakini mtandao ulioelemewa hutoa maji kwa zamu, na hapo ndipo ulipo mzizi wa sufuria zetu.

Wengi hudhani maji huchafuka mtoni au mtamboni. Mara nyingi hutoka mtamboni yakiwa safi. Bomba lililojaa maji kwa nguvu husukuma maji nje kila lilipopasuka, na uchafu hauwezi kuingia. Maji yanapokatika, nguvu hiyo hutoweka, na bomba huweza kufyonza kilichopo nje yake: maji ya mtaro au ya shimo la choo la jirani. Zamu inaporejea, ndoo ya kwanza hubeba uchafu huo. Kisha maji hukaa kwenye tangi, kwenye pipa, kwenye dumu lililonunuliwa kwa mkokoteni, na kila chombo huongeza chake. Kwa hiyo nyumba yenye bomba na dira yake hulipia maji, halafu huyatibu upya yenyewe.

Katika miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima matumizi ya maji majumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972. Miaka 30 hivi baadaye watafiti wengine walirudi katika maeneo hayo. Waligundua kwamba katika nyumba zilizounganishwa na bomba, kiasi cha maji anachotumia mtu mmoja kwa siku kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu. Tuliozoea kuiona historia kama mwendo wa kwenda mbele hatuna budi kulitafakari jambo hilo.

Tupige hesabu ya mkopo wenyewe, kama walivyofanya wenzetu wa Milwaukee. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye jiko la kawaida la mkaa huteketeza, kwa makadirio ya kifizikia, gramu 50 za mkaa au zaidi. Kaya ya watu watano inayokunywa lita 10 kwa siku huteketeza nusu kilo, yaani zaidi ya kilo 180 kwa mwaka, bado hujapika ugali. Ongeza moshi unaoingia mapafuni mwa anayechochea. Ongeza miti. Ongeza saa za mama na binti, kwa maana katika nyumba nyingi ninazozijua kazi hii haina zamu ya kiume. Hakuna bajeti ya Serikali inayoyaonyesha matumizi haya, ingawa ni ruzuku ambayo kaya huipa sekta ya maji kila siku.

Na kaya isiyomudu ruzuku hiyo hulipa kwa njia nyingine. Mwaka 1997 nchi yetu iliripoti wagonjwa 40,249 wa kipindupindu na vifo 2,231. Agosti 2015 ugonjwa ulilipuka tena, ukianzia Kinondoni, ukasambaa karibu nchi nzima. Kila mara mabango yalirudi: nawa mikono, chemsha maji. Ushauri huo ni sahihi, kwani maji yakitokota kimelea cha kipindupindu hufa. Lakini mabango hayasemi mahali ambapo ushauri huo hauna msaada. Huko Arusha na Meru, ambako maji yana madini mengi ya floraidi, moto hauyaondoi. Maji yakipungua kwa kutokota, madini huzidi ukali. Meno na mifupa ya watoto wa huko haiwezi kuokolewa na sufuria. Kinachohitajika ni chanzo kingine cha maji au mtambo, na hayo hayapatikani jikoni.

Nayajua majibu yatakayotolewa. Ataambiwa mwalimu huyu kwamba anawashawishi watu waache kuchemsha. Hasha. Msomaji wangu, usinywe maji ya bomba bila kuyachemsha kwa sababu ya makala. Ataambiwa pia kwamba nchi ni changa na rasilimali ni chache. Hamburg haikulipa deni kwa sababu ilitajirika ghafla kati ya Agosti 1892 na Mei 1893. Ilikuwa tajiri muda wote. Ililipa pale ambapo kutolipa kulionekana waziwazi, kwa orodha ya vifo iliyochapishwa, kwa ulinganisho wa aibu na jirani maskini, na kwa wafanyakazi waliokuwa na chama cha kuwasemea.

Kwa hiyo madai yangu ni ya kiasi, na watumishi wa umma wanaonisoma wanaweza kuyatekeleza bila kusubiri mtambo mpya. Kila tangazo la kuchemsha maji litaje eneo, sababu na siku ambayo vipimo vitarudiwa. Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mama mwenye ndoo anaweza kuyasoma. Mtaa ambao maji yake ni salama uambiwe hivyo kwa maandishi, ili apatikane mtu wa kuwajibika siku yatakapokuwa si salama. Na mipango ya maji ihesabu mkaa na saa za jikoni kama sehemu ya gharama ya kutofanya kitu. Wanafunzi wangu nao, hususan wale wanaotafuta mada za tasnifu, waanze na nyaraka: maagizo yalitolewa na nani, mwaka gani, na yaliambatana na ahadi gani.

Yule mwenzangu wa Amerika Kaskazini tuliandikiana hivi karibuni. Alinikumbusha jinsi nilivyomcheka asubuhi ile. Nilimjibu kwamba nimeacha kucheka. Yeye alikuwa na hofu kwa sababu alijua anachostahili na akaona kimeondolewa. Mimi nilikuwa mtulivu kwa sababu sikuwa nimewahi kukidai. Jioni hii sufuria yangu iko jikoni kama kawaida, nayo itakuwapo kesho. Lakini swali la yule mwanafunzi nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani juu yake, ili kila ninapowasha jiko nilisome: litaondolewa lini?